Nuru Iliyopita Njia ya Mlimani

Siku ya kumi na sita ilipolingana, Obeid Luvanda alirusha chaki juu akaidaka kwa meno. Mtu mzima huyo, miaka arobaini na miwili, shahada tatu, watoto wanne.

"Dada Tusa! Njoo uone mwenyewe! Chini ya mstari! Na mwaka ule siku ya kumi na sita ilikuwaje? Chini! Kumi na sita kwa kumi na sita, haijakosea hata moja!"

Tusajigwe Mwaisaka alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai. Yeye ndiye Mshikachaki Mkuu wa kituo cha Kitulo, na furaha yote ile ilikuwa ya kituo chake. Alisema, "Hongera, Obeid," akajitahidi kutabasamu. Chai ya moto ilimmwagikia vidoleni, naye akawa anaitazama tu.

Ukutani palikuwa na mbao mbili. Wa kulia ulikuwa mpya, maandishi ya Obeid, mistari kumi na sita. Wa kushoto ulikuwa wa miaka kumi na moja iliyopita, umefunikwa kioo na kupigwa lakiri ya serikali, mistari thelathini na mmoja: juu, chini, chini, juu, hivyo hivyo hadi mwisho. Mwandiko ulikuwa wake yeye Tusajigwe. Chini kabisa, kama sheria ilivyotaka, palikuwa na maneno ambayo siku hizi hata watoto wa shule huapizana nayo wakigombania peremende: *Nimeona kwa macho yangu, sikuongeza, sikupunguza.*

Dunia ilikuwa imechoka kudanganywa, ndugu zangu. Mashine zilikwishajifunza kughushi kila kitu, picha, sahihi ya hakimu, hata sauti ya marehemu akigawa urithi upya, mpaka ikafika mahali hakuna faili linalokubalika mahakamani. Vikabaki viwili vya kuaminiwa: mbingu, ambayo haina mkono wa mtu, na mdomo wa mtu aliyeapa. Ndiyo maana kura za nchi zikahamia mbinguni. Palipokuwa na kitu kimoja na wenye haja wawili, Kitulo walitazama kwasa, yaani kiini cha galaksi ya mbali kinachowaka huku kikimeza nyota, mbali kiasi kwamba nuru yake ilianza safari kabla jua letu halijawaka. Kila adhuhuri, siku thelathini na moja, Mshikachaki alitazama mshale wa chombo. Ukisimama juu ya mstari, siku ni ya huyu. Ukisimama chini, ni ya yule. Mwenye siku nyingi ndiye mshindi, na mshindwa anakwenda zake bila kinyongo, maana nani ataweza kuihonga kwasa?

"Hodi humu! Viazi vinapoa!"

Aliyeingia alikuwa Mama Enea, mpishi wa kituo, na sinia la viazi vya maganda na chumvi yenye pilipili. Ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, wa sweta mbili mbili kwa ile baridi ya Kitulo isiyo na adabu. "Mnashangilia nini wenzetu? Kuna harusi?"

Neno harusi lilimchoma Tusajigwe mahali anapopajua mwenyewe.

"Mama, wewe si mtu wa Itulwa?" alisema Obeid, kiazi kimeshafika mkononi. "Basi ile kura yenu ya maji inapita tena."

Mama Enea aliweka sinia mezani. "Inapita tena kivipi? Kura ilipigwa, Nyamande wakapata bomba, sisi tukakosa, tukahama. Imeisha hiyo."

"Nisikilize. Watu wawili wametoka mnadani Matamba saa moja, wana habari moja. Mmoja kapita njia ya bondeni, mwenzake kazunguka ya mlimani. Wa bondeni atakufikia mchana, akupe habari. Wa mlimani atafika jioni, akupe ile ile, neno kwa neno. Au siyo?"

"Kama hakupitia kilabuni."

Obeid alicheka mpaka kiazi kikamkwama. "Hapo katikati, kati yetu na ile kwasa, kuna galaksi saba zimekaa pamoja kama ukoo. Uzito wao unapinda njia ya nuru. Nuru moja ikagawanyika: hii ikapita huku, hii ikazungukia kule. Ya kwanza ndiyo aliyoisoma Dada Tusa mwaka ule. Ya pili imechelewa miaka kumi na moja na siku saba. Zamani hatukuiona, ni hafifu na imejibanza ubavuni pa galaksi moja. Hizi sahani tatu mpya za vilimani, za kunasia nuru, ndizo zimeitenganisha."

"Kwa hiyo nuru ya kura yetu inarudi."

"Hairudi, mama. Ndiyo kwanza inafika."

"Na wewe utafaidi nini?"

"Nikiwa na uhakika wa huko kuchelewa, nitajua uzito wa ukoo mzima wa zile galaksi, hata ule uzito usioonekana kwa jicho."

"Mh! Wasomi," alisema Mama Enea. Lakini macho yake yalikuwa kwenye ubao wa kioo. Alisogea akaugusa. "Unajua, mimi nilimshukuru Mungu kwamba ilikuwa nyota. Angekuwa ni mtu ametunyima maji, ningemlaani mpaka wajukuu wake. Lakini nyota haina ubaya na mtu. Nikafunga mizigo yangu nikahama na moyo mweupe. Ila Baba Enea nimemwacha kule peke yake. Kijiji kizima hakuna wa kumpalilia kaburi. Mwaka juzi nilikwenda, magugu yamefika hapa," akaonyesha kifuani, "hata msalaba sikuuona, nikalia juu ya kaburi la jirani kwa makosa."

Mama Enea akageuka. "Watu wangu waje waione. Waione hiyo nyota iliyotuamulia. Wakija Jumamosi watakuta nini?"

Obeid alihesabu kwa vidole. "Jumamosi ni siku ya kumi na tisa."

"Basi Jumamosi," alisema Mama Enea. "Mwanangu Tusa, utaturuhusu?"

"Karibuni, mama," alisema Tusajigwe. Angejibu nini kingine?

*

Sasa tuiseme aibu yenyewe. Aibu ya Tusajigwe haikuwa hata na heshima ya dhambi kubwa. Hakuhongwa. Hakuwa na ndugu Nyamande wala adui Itulwa. Angekuwa ameiba kwa ajili ya mtoto mgonjwa, tungemlilia. Yeye alikuwa kwenye kikao cha sendofu ya mdogo wake.

Ilikuwa pia Jumamosi, siku ya kumi na tisa ya kura. Alishuka asubuhi Makete mjini, akiwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya chakula na sare, akijua kwamba saa tano atakuwa njiani kurudi. Kikao kikakwama kwenye vitenge. Shangazi anataka rangi ya dhahabu, akina dada wa bwana harusi wanataka zambarau, na Tusajigwe, msomi mzima wa nyota, alisimama kutetea zambarau kana kwamba ni kesi ya mauaji. Alishinda. Alipotoka nje ukungu ulikuwa umefunga barabara. Alifika kituoni kwasa imekwishapita, na sahani ya zamani ilikuwa imelazwa bondeni, haigeuki, kilichopita kimepita. Shahidi wa umma, mzee mmoja wa kata, naye alikuwa amekwama kwenye ukungu ule ule.

Sheria ilisema wazi: siku moja ikikosekana, kura yote inafutwa, inarudiwa mwakani, na Mshikachaki anarudisha chaki. Tusajigwe alisimama mbele ya ubao, koti linachuruzika maji. Siku moja tu kati ya thelathini na moja, alijiambia. Siku moja ina nini? Akaandika JUU. Kwa nini juu? Hata leo hajui. Labda kwa kuwa jana yake ilikuwa chini. Shahidi alipofika, anahema, alikuta imeshaandikwa, akatia sahihi na kuomba radhi kwa kuchelewa. Eti yeye ndiye aliyeomba radhi!

Siku kumi na mbili baadaye hesabu ilifungwa: juu kumi na sita, chini kumi na tano. Ndipo alipojua siku moja ina nini. Nyamande walikuwa wanapiga vigelegele uwanjani, mkuu wa mkoa ameshika kipaza sauti, na mtu mmoja alimsukumia chaki aandike sentensi ya kiapo. Akaiandika, tena kwa mwandiko mzuri.

Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakuijua ya Tusajigwe. Yake ilikuwa na urefu wa miaka kumi na moja, na katika miaka yote hiyo alikuwa na kitu kimoja cha kujiegemeza: labda kweli ilikuwa juu. Nusu kwa nusu. Labda hakuiba kitu, alikisia tu akapatia. Kila asubuhi alipopokea uji kwa mkono wa Mama Enea alijiambia hivyo, na uji ukashuka.

Alhamisi aliandika amri. *Matengenezo: kupaka grisi beringi za sahani zote tatu, Jumamosi, saa nne hadi saa tisa.* Grisi ilikuwepo stoo, beringi zilikuwa zinaihitaji, kila neno la amri ile lilikuwa la kweli. Aliisoma mara mbili akaona haina kasoro. Akaibandika ukutani.

*

Ijumaa, baada ya siku ya kumi na nane kulingana nayo, Obeid aliiona ile karatasi. Aliisoma akiwa amefunga mikono.

"Dada, kesho? Saa ile ile?"

"Beringi ya kilima cha pili inalia. Siipendi sauti yake."

"Hata mimi siipendi." Akaisoma tena. "Na watu wa Mama Enea?"

"Wataonyeshwa siku nyingine. Zimebaki kumi na mbili."

Obeid alikuna kichwa. Ungemwona usoni ungemhurumia, kama mtoto aliyeambiwa sikukuu imeahirishwa. Kisha akachangamka ghafla. "Ah, haina neno! Nitaijaza."

"Utaijaza nini?"

"Siku ya kumi na tisa. Nitaandika juu. Si ndivyo ulivyoona wewe? Kumi na nane zimelingana, hii moja iache kulingana ina wazimu? Mimi neno lako linanitosha kuliko huo mshale." Na chaki ilikuwa mkononi mwake tayari, anasogea ubaoni. "Tena niiandike sasa hivi, kesho nisisahau kwa purukushani za grisi."

"Usiandike kitu hukukiona."

"Dada Tusa, ni siku moja tu. Siku moja ina nini?"

Jamani. Maneno yale yale! Tusajigwe alihisi masikio yanamwaka moto. Huyu mtu hajawahi kusema uongo wa kumfaa mwenyewe tangu amjue. Ameamini mbao zile mpaka ameziwekea maisha yake, na sasa anakaribia kufanya dhambi ile ile, kwa kumheshimu yeye. Kesho kutwa atatia sahihi, na ya kumi na tisa yake itakuwa ushahidi wa ya kumi na tisa ya zamani, uongo umeshikwa mkono na uongo mwenzake.

Alimnyang'anya chaki. Hakuichukua kwa upole. Kucha zilimparua kiganjani. Akabandua amri ukutani, akaichana vipande vinne, na kutoka nje bila koti.

"Dada?" Obeid aliita nyuma yake. "Nimekosea nini?"

*

Jikoni Mama Enea alikuwa anamenya viazi vya jioni, redio ndogo inaimba kwaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umetoka bila koti, unatafuta nimonia? Sogea karibu na jiko upate moto."

Tusajigwe hakusogea. Alijua akishakaa pale kwenye kigoda, na chai ikishamiminwa, hatasema tena. "Mama, ile kura yenu. Siku ya kumi na tisa sikuiona."

"Hukuiona vipi?"

"Sikuwepo. Nilifika nuru imeshapita. Nikaandika juu bila kuona. Na ile moja ndiyo iliyowapa Nyamande maji."

Kisu kilisimama. Mama Enea alizima redio. "Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Ulifiwa?"

"Hapana, mama." Laiti asingemuuliza kwa upole! Kila swali lilikuwa mlango anafunguliwa apite, na yeye hana mguu wa kupitia. "Nilikuwa kwenye kikao cha sendofu ya mdogo wangu. Tulikuwa tunachagua vitenge vya sare."

"Vitenge."

"Ndiyo."

"Vya rangi gani?"

"Zambarau," alisema Tusajigwe, na sauti ilimtoka ndogo kabisa.

Mama Enea aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayewekewa kitu mgongoni na kukipima kama atakiweza. Maji ya sufuria yakaanza kuchemka yakafurika, hakuna aliyefunua kifuniko.

"Nuru ya kesho itasema nini?"

"Sijui. Huenda ni juu kweli. Huenda sikuwanyang'anya kitu."

"Na kesho ikisema juu, mimi ningekuja kuyajua haya?"

Tusajigwe alitazama sakafu. "Usingeyajua. Ndiyo maana nimekuja leo."

"Miaka kumi na moja," alisema Mama Enea. "Umekula mkononi mwangu miaka kumi na moja. Nimekuita mwanangu. Ulipougua nilikukanda miguu. Na mimi najisifu kwa watu, jamani nina moyo mweupe, sina kinyongo na nyota." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Kumbe nilisamehe asiyehusika."

"Mama, nisame..."

"Usilitamke hilo jikoni kwangu. Toka." Akaokota kisu na kiazi. Tusajigwe alipofika mlangoni alimsikia tena. "Kesho utasoma wewe. Usimwachie yule kijana wa watu. Wewe, kwa mdomo wako."

*

Walikuja watu ishirini na watatu, wengine wametoka Mbarali, wengine Chunya, ambako maisha yaliwatupa. Walivaa nguo za kanisani. Kulikuwa na bibi mmoja ameshikiliwa huku na huku, na kaka mtu mzima aliyebeba mtoto aliyezaliwa asijue Itulwa iko upande gani. Obeid alikuwa ameambiwa asubuhi. Alisimama ukutani karibu na dirisha, kiganja kimefungwa plasta, na hakumtazama Dada Tusa hata mara moja. Hilo nalo lilikuwa na uzito wake.

Tusajigwe aliwaambia kabla ya mshale kusogea. Hakuficha kitu, hata vitenge alivitaja. Mtu mmoja alicheka akidhani ni utani wa kuwakaribisha, kisha akatazama nyuso za wenzake akaacha. "Mshenzi mkubwa wewe," alisema yule kaka, si kwa kelele, na mkewe hakumnyamazisha. Bibi aliuliza kwa Kikinga wanasema nini, akatafsiriwa, akaomba kiti.

"Tusubiri nuru," alisema Mama Enea. Alikuwa mbele kabisa, mikono kwenye mifuko ya sweta.

Saa sita na dakika nane vile vilima vitatu vililia pamoja, sahani zikifuata kitu kisichoonekana katika anga ya mchana. Mshale ukatetemeka. Na Tusajigwe, baada ya yote aliyoyasema, alijikuta anaomba moyoni: iwe juu, Mungu wangu, iwe juu. Akajisikia anaomba. Akaona aibu mpya, juu ya zile za zamani, kwamba hata sasa alichokuwa anakitaka ni kupona.

Mshale ulipanda, ukakaribia mstari, ukashuka, ukatulia. Aliutazama dakika nzima kama sheria inavyotaka. Kisha akachukua chaki, akaandika, akageuka kuwakabili.

"Siku ya kumi na tisa," alisoma. "Chini ya mstari."

Ungewasikia wanahesabu kimya kimya, kumi na tano kwa kumi na sita, mmoja baada ya mwingine wakifika mahali pale pale. Bibi alianza kulia bila kuuficha uso.

"Kwa hiyo maji yalikuwa yetu," alisema Mama Enea.

"Yalikuwa yenu."

"Sema maneno yake."

Maneno ya kiapo. Tusajigwe aliyaandika mara moja kwa mwandiko mzuri, vigelegele vikilia. Kuyatamka sasa midomo ilikataa. Alishika ukingo wa ubao. "Nimeona kwa macho yangu. Sikuongeza." Akamtazama Mama Enea. "Sikupunguza."

Alidhani imekwisha. Aliweka chaki chini, pale ambapo Mshikachaki anayeondoka huiweka. Lakini Mama Enea hakuondoka mbele yake. Alikuwa ametazama dirishani, upande wa bondeni, kule ambako kuna kijiji kisicho na watu, na kaburi moja lisiloonekana kwa magugu.

"Soma tena," alisema. "Kwa nguvu. Baba Enea yuko mbali."

Tusajigwe akavuta pumzi, akasoma tena.